Sindano ya goti ina saa yake

Ndugu wa mgonjwa aliyebadilishiwa goti au nyonga hapa Dar huulizia vidonge vya antibiotiki vya kwenda navyo nyumbani: siku tano au saba? Cha kuulizia ni sindano ilichomwa saa ngapi.

Tuseme kisu kinaanza saa tatu asubuhi. Sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, gramu 2 (gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na kuendelea) iingie mshipani baada ya saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na nusu ni wakati mzuri. Goti lina mtego wake. Ule mkanda wa paja ukishajazwa upepo damu haishuki, na dawa haishuki pia, kwa hiyo sindano iwe imeisha dakika kumi hivi kabla. Kosa la kawaida ni kukumbuka dawa mgonjwa akiwa tayari amefunikwa mashuka ya kijani. Kazi ikivuka muda wa saa nne tangu dozi ya kwanza, yaani saa sita na nusu mchana kwa aliyechomwa saa mbili na nusu, au damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu, dozi irudiwe.

Vankomaisini, antibiotiki nyingine, ni miligramu 15 kwa kila kilo, na haitaki haraka: ikisukumwa, mwili unawasha na presha inashuka. Dripu yake huchukua saa moja hadi mbili, basi ianzie wodini. Kuiongeza juu ya sefazolini kwa kila mtu hakusaidii. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2023 ulikuta maambukizi asilimia 4.5 kwa waliopewa zote mbili na 3.5 kwa waliopewa sefazolini peke yake.

Mzio wa penisilini nao hukuzwa mno. Muulize mgonjwa ilitokea nini hasa: kubanwa pumzi, midomo kuvimba, ngozi kubabuka, au tumbo tu liliharisha? Umbo la sefazolini limetofautiana na penisilini kiasi kwamba wengi wanaosema wana mzio wanaweza kuitumia. Aliyebabuka ngozi asijaribiwe.

Baada ya kidonda kufungwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema dawa ya kinga isiendelezwe, hata kama mrija wa kutoa damu bado upo. Siku saba za vidonge "kwa usalama" huleta kuharisha na usugu wa bakteria tu.

Kiungo bandia kikishaambukizwa, hesabu inageuka. Bakteria hujijengea utando juu ya chuma, na dawa haiupenyi kirahisi. Ufaransa walilinganisha wiki 6 na wiki 12 za antibiotiki (matokeo yalitoka 2021): matibabu yalishindwa kwa asilimia 18.1 dhidi ya 9.4. Hapa kukatisha dozi ndiyo hatari.

Ila dawa za muda mrefu zina bei, na linezolidi, mojawapo ya antibiotiki, bei yake iko machoni. Ikipita siku 28 inaweza kudhuru neva ya jicho, hasa kwa anayemeza pia ethambutoli ya kifua kikuu. Madhara hayo hayaumi, hupunguza kuona kwa macho yote mawili pamoja, na rangi nyekundu hufifia. Uvimbe wa kawaida wa neva hiyo hushika jicho moja, nalo huuma likizungushwa. Huo usitibiwe kwa prednisoloni, dawa ya steroidi, ya kununua famasi: utafiti wa Marekani wa 1992 ulionyesha vidonge vya ndugu yake, prednisoni, peke yake, miligramu 1 kwa kilo, vilizidisha kurudi kwa ugonjwa.

Kwa kuwa linezolidi hugusa macho yote, kulinganisha jicho na jicho kunadanganya. Mgonjwa asome namba za LUKU kwenye simu kila wiki, umbali uleule, jicho moja moja. Zikianza kufifia arudi kliniki siku hiyohiyo. Dawa ikisimamishwa mapema wengi hupata nafuu ya kuona. Ganzi ya miguuni, ambayo dawa hiyohiyo huileta, mara nyingi hubaki.