Masque, sherehe ambayo msanii ni malkia mwenyewe

Mi napamba kumbi hapa Mbeya, sendofu, harusi, kipaimara, kwa hiyo nikisoma habari ya sherehe yoyote kitu cha kwanza natafuta nani alikaa wapi na hela ilitoka wapi. Sasa kuna dogo wa mtaani kwetu Soweto anasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kaikuta masque kwenye The Tempest, tamthilia ya Shakespeare, pale mzee Prospero anapoita mizimu ijifanye miungu wa kike Iris, Ceres na Juno waje kuwabariki binti yake na mchumba wake. Dogo alidhani masque ni mask, yaani barakoa tu basi. Barakoa ipo ila stori yenyewe ni kubwa kuliko hapo.

Hii ilikuwa burudani ya ikulu, na Uingereza ilipamba moto hasa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Wanaovaa barakoa ni wakubwa wenyewe, malkia na mabibi wa ikulu, wanaingia na mavazi ya bei mbaya wanacheza bila kusema neno, mistari na nyimbo wanaachiwa watu wa kulipwa, afu baadaye wanashuka kwa wageni wanachagua wa kucheza nao mpaka usiku mkubwa, yaani kama wapambe wa sendofu wakishamaliza stepu zao wanaanza kuwavuta watu vitini na makoti yao ya baridi ya Julai. Na hakuna aliyejificha pale, kila mtu anajua yule ni malkia. Barakoa ilivaliwa ili utazamwe.

Ninayoipenda zaidi ni ya tarehe 6 Januari 1605, jumba la kifalme la Whitehall, London, inaitwa The Masque of Blackness. Malkia Anne, mke wa mfalme James I, akataka yeye na wenzake watokee kama Waafrika, mabinti wa mto Niger wanaotafuta nchi itakayowageuza wawe weupe (ndo mawazo yao hayo, tuwaache). Hiyo siku barakoa zikawekwa pembeni, wakajipaka rangi nyeusi usoni na mikono mpaka kwenye viwiko, na Anne ana mimba ya miezi kama sita! Dudley Carleton, mwanadiplomasia wa Kiingereza wa enzi hizo, aliandika kwenye barua kwamba balozi wa Hispania alicheza na malkia akambusu mkono, na ilibaki kidogo tu rangi imhamie mdomoni. Nacheka kila nikiwaza.

Maneno aliandika Ben Jonson, mapambo ya Inigo Jones, na hapo kwenye mapambo asee ndo nilipochanganyikiwa, bahari ya bandia yenye mawimbi yanayotembea na juu yake kombe kubwa la baharini, lile gamba, limebeba wale mabibi. Gharama inatajwa kama pauni 3,000, kwa usiku mmoja. Na mandhari yake Jones aliyachora kwa kulenga macho ya aliyekaa kiti cha mfalme, ukikaa pembeni unaona picha imepinda, kwa hiyo kiti chako tu kinaonyesha wewe ni nani.

Hao wawili walifanya kazi miaka mingi ila 1631 wakavunjika. Jonson alitanguliza jina lake kwenye kitabu kilichochapwa cha masque yao, Jones hakukubali, mmoja anaona roho ya shughuli ni maneno mwingine anaona ni kile watu wanachokiona. Ikulu ikabaki na Jones. Mi nami ningebaki na Jones, ma-MC mtanisamehe.