Mpe mwanafunzi mita kabla ya daftari

Mimi ni fundi umeme, na jioni nafundisha vijana kufunga sola hapa Wete. Nikipokea kundi jipya, siku ya kwanza chaki siigusi. Nawatoa uwanjani na paneli ndogo, mita ya kupimia umeme na kipande cha kuti.

Tunailaza paneli juani, tunapima volti: 20 na ushee. Kijana mmoja anaweka kuti juu yake, lifunike seli moja tu, kipande kimoja kati ya 36 vinavyounda paneli. Volti hazishuki sana, na wote wanasema paneli nzima hii. Basi nawaambia wageuze mita wapime amperi, yaani kiasi cha umeme unaopita. (Paneli ndogo haina neno. Betri usiipime hivyo kamwe, mita itakuunguzia mkono.) Kuti likitolewa, amperi zimejaa; likirudishwa, zinaporomoka. Hapo maswali yanakuja bila kuyaomba: vipi seli moja iziangushe wenzake 35? Ndipo nakwenda ubaoni kuwachorea seli zilivyofuatana, umeme ule ule ukilazimika kupita katika kila moja. Mchoro huo ukitangulia, wanaunakili vizuri na Ijumaa hawaukumbuki.

Na Pemba hii minazi iko kila kona. Fundi aliyesomea daftarini atapanda juu ya bati saa nne asubuhi, aone jua kali, afunge paneli, ateremke. Aliyeshika lile kuti atauliza kwanza kivuli cha mnazi wa jirani saa tisa kitaangukia wapi.

Jambo la pili ni chumvi. Nyumba za pwani, shaba haichelewi kuota kijani. Nawapa betri ya volti 12 iliyojaa, vichwa vyake vimeliwa na kutu, nawaambia wawashe taa. Mita ikigusa betri yenyewe inasoma 12 na zaidi. Ikigusa mwisho wa waya kwenye taa inasoma 10. Volti mbili zimepotea njiani, na wanazitafuta wenyewe, kiungo kwa kiungo, mpaka mmoja anagusa kifungo cha waya na kukuta kina moto. Msasa, kukaza, grisi kidogo, taa inang'aa. Binti aliyeigundua ile sehemu ya moto sasa anaitwa na mtaa mzima.

Kuna watu huniambia vitendo ni vya wale walioshindwa kusoma. Nakataa kabisa. Kule Unguja, Kinyasini, chuo cha Barefoot kinachukua akina mama wa vijijini, wengi hawakufika mbali skuli, na kwa miezi mitano wanajifunza kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Njia hiyo ilianzia Tilonia, India, kwenye chuo alichokiasisi Bunker Roy mwaka 1972. Mama anajua rangi ya waya, anajua mkono wake, na taa zinawaka kijijini kwake.

Kinachoniuma ni kuona vifaa vya kufundishia vimefungiwa kabatini "visiharibike", huku wanafunzi wakikariri majina yake. Nimeyaona hayo zaidi ya mahali pamoja. Fyuzi imewekwa iungue! Mwanafunzi akiiunguza mbele ya mwalimu, hataunguza nyumba ya mtu.

Kwa hiyo chuo kikipata fedha kidogo na kikaniuliza kinunue nini, naomba mita moja kwa kila wanafunzi wawili, boksi la fyuzi, na waya wa kukatakata. Projekta isubiri.