Nilivyodai kamisheni yangu baada ya kuambiwa mimi ni "frilansa" tu

Mwezi wa tatu 2021 nilianza kusajili laini za simu hapa Mtwara mjini, chini ya wakala mmoja mkubwa. Sote tuliitwa mafrilansa. Siku ya kwanza nilisaini karatasi ya ukurasa mmoja iliyosema mimi ni "wakala wa kujitegemea, si mwajiriwa". Nikakabidhiwa fulana, mwavuli, simu na kifaa cha alama za vidole. Nakala ya karatasi sikupewa, nami sikuomba.

Saa mbili kamili asubuhi lazima picha yako ukiwa chini ya mwavuli iwe imeingia kwenye grupu la WhatsApp. Ukichelewa, timu lida anakukata. Tageti ni laini 15 kwa siku. Msimu wa korosho tunapelekwa Nanyamba na Tandahimba, maana mkulima akishalipwa ndipo ananunua simu. Laini ya mtandao mwingine marufuku kuigusa. Kamisheni ya kila mwezi inaingia tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Tarehe 10 Oktoba 2022 kamisheni ya Septemba haikuingia. Tukaambiwa mfumo unasumbua. Ya Oktoba nayo ikapita hivyohivyo. Nikauliza grupuni, mbele ya wenzangu. Jumatatu, tarehe 14 Novemba, nikaondolewa kwenye grupu, na jioni kijana wa bodaboda akaja kuchukua simu na kifaa. Nilikuwa nadai shilingi 412,000.

Wiki mbili nzima nilizimaliza kwa kupiga simu na kubembeleza. Aliyenitoa hapo ni mjomba wangu, mstaafu wa bandarini aliyekuwa kwenye chama cha wafanyakazi miaka mingi. Hakuuliza nilisaini nini.

"Mjomba, nani alikuwa anakupangia saa ya kufika kazini?"

Nikamwambia.

"Na vifaa vya nani?"

"Vyao."

"Basi una mwajiri. Nenda Tume."

Tume ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi; wengi tunaijua kama CMA. Niliyemkuta pale alinifungulia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, akanisomea taratibu. Sheria inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, haijalishi mkataba umeandikwaje, ikiwa hata jambo moja kati ya saba lipo, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Mengine yalikuwa kama yameandikwa kwa ajili yangu: kazi yako inaongozwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, umemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kwa riziki, amekupa vitendea kazi, humfanyii kazi mwingine. Saa 45 kwa mwezi! Mimi nilizimaliza kwa wiki moja.

Ila muda unahesabiwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine, kama ujira, ndani ya siku 60. Nikahesabu kwa vidole: kamisheni ya Septemba ilikuwa inatimiza siku 60 tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Sikutaka kubahatisha. Nilijaza Fomu Namba 1, nikapeleka nakala ofisini kwa wakala, nikahakikisha aliyeipokea amesaini, nikairudisha Tume Alhamisi tarehe 8. Kufungua mgogoro sikulipa hata shilingi.

Kilichonibeba ni kaunta buku. Tangu mwanzo niliandika kila laini: tarehe, mahali, idadi, na saa niliyofunga mwavuli. Kurasa za Tandahimba zina madoa ya kahawia ya maji ya mabibo, hayatoki. Picha za grupu nazo zilikuwa bado kwenye simu yangu binafsi, kwa sababu kuondolewa hakufuti ulichokwisha kupokea.

Siku ya usuluhishi mwakilishi wa wakala aliweka ile karatasi mezani na kusema, "Huyu alijitegemea." Msuluhishi akaisoma, akaiweka pembeni, akamuuliza: kama alijitegemea, kwa nini alikatwa kwa kuchelewa? Mwakilishi alinyamaza. Nikafungua kaunta buku, tukapitia mwezi baada ya mwezi. Moyo ulikuwa unanidunda, lakini hesabu ilisimama.

Tulikubaliana shilingi 380,000, kwa awamu mbili. Nilipunguza kwa sababu mke wangu alikaribia kujifungua na sikuwa na nguvu ya kwenda hadi hatua ya uamuzi. Kazini sikurudi, na michango ya NSSF ya miezi yote ile sikuipata. Hilo linaniuma mpaka leo. Makubaliano tuliyasaini pale pale, nikaelezwa kwamba yanatufunga wote na kwamba asipolipa naweza kwenda kuyakazia mahakamani. Alilipa zote mbili.

Wenzangu wanne wa grupu lile walikuwa wanadai kama mimi. Waliposikia nimelipwa walikuja nyumbani Chikongola, lakini ilikuwa Februari. Niliwapeleka Tume mwenyewe. Waliambiwa waanze na fomu ya kuomba kuongezewa muda, waeleze kila siku waliyochelewa ilipotelea wapi. Wawili waliijaza. Tulikaa kibarazani hadi usiku, kaunta buku langu katikati, wakikumbuka tarehe zao kwa kutazama zangu.