Ramadhani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwishoni mwa 2011 huko Chennai, India, baada ya familia kuuza kipande cha shamba la michungwa Muheza. Siku hizi upasuaji wa aina hiyo unafanyika hata Dar es Salaam, na wanawake wanaokuja kushona nguo kwangu hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza habari za mwanzo: kidonda kiliuma vipi, kilo zilishuka ngapi, nywele zilikatika? Hayo yalikwisha zamani. Natamani waniulize mtu anaishije na tumbo hili miaka kumi na zaidi baadaye. Kwangu mimi, jambo lililohitaji mpango kuliko yote ni kufunga.

Niliyofanyiwa inaitwa baipasi. Sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko kidogo, ujazo wake mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho. Chakula hulipita tumbo lililobaki pamoja na mwanzo wa utumbo, na pale mwanzoni ndipo mwili unapofyonza madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi. Miaka inavyokwenda kifuko hutanuka, sasa namaliza kisahani changu bila taabu, lakini ufyonzaji haurudi kuwa wa kawaida. Ndiyo maana vidonge vyangu ni vya maisha, hata nikijiona mzima kabisa.

Ramadhani ya 2012 sikufunga. Daktari alitaka mwaka na nusu upite kwanza, na Al-Baqara aya ya 184 imeshampa mgonjwa ruhusa ya kuzitimiza siku zake wakati mwingine. Nilianza 2013, mwezi ulipoangukia Julai, kipupwe. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, sasa imefika Februari na Machi, kwenye joto la kaskazi, na Tanga wakati huo mtu analowa jasho akiwa amekaa tu. Njaa hainitishi. Kiu ndiyo kazi. Mwenzangu akisikia adhana ananyanyua gilasi anamaliza. Mimi nikigugumia hivyo kifua kinabana na maji yanataka kurudi. Tena maji na chakula havikai pamoja: nikishakula nangoja nusu saa ndipo ninywe.

Kwa hiyo usiku wangu una ratiba. Nafungua kwa nusu tende na mafunda machache ya maji, naswali Magharibi, ndipo nakaa mkekani. Naanza na samaki, yai au maharage, kwa sababu mtu wa baipasi anahitaji protini gramu 60 au zaidi kwa siku, na akianza na mihogo ya nazi nafasi imekwisha. Kidonge cha kwanza cha kalsiamu nakimeza hapo. Mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na kwa siku tunahitaji 1,200 hadi 1,500, kwa hiyo ni vidonge vitatu kwa nyakati tatu: futari, kabla ya kulala, na daku.

Chuma nakiweka katikati, baada ya Tarawehe, pamoja na vidonge vya vitamini mchanganyiko. Lazima saa mbili zipite kati yake na kalsiamu, maana vikikutana kalsiamu huzuia chuma kisiingie. Chai nayo hukizuia, hata ya rangi, hivyo chai yangu nainywa mapema na chuma nakisindikiza kwa vipande vya chungwa. Sindano ya vitamini B12 naichoma kabla mwezi haujaandama, nikaimaliza habari yake. Baada ya Tarawehe chupa ya maji ya lita moja na nusu haitoki mkononi. Nakata kanzu za Idi, nakunywa funda, nashona, nakunywa funda. Msimu huo mafundi hatulali mapema, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu ningelala saa tatu maji yangenishinda.

Daku siiachi kamwe. Mtindi, mayai, kunde kidogo. Wapo wanaojisifu kwamba hawali daku. Kwa mwenye tumbo kama langu sikubaliani na hilo hata kidogo.

Watu walikuwa kazi kubwa kuliko vidonge. Pwani hii, mgeni asiyekula amemtia mwenyeji unyonge. Futari ya kwanza kwa mama mkwe wangu niliwekewa kaimati zimelowa shira, tambi za sukari, juisi ya ukwaju. Kwa baipasi, sukari nyingi humwagika kwenye utumbo kwa ghafla: moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linasokota, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu yaweza kushuka mpaka mikono ikatetemeka. Wifi akaniuliza, "Wifi, za kwetu hazikupendezi?" Niliwaeleza wote pale pale, bila kificho, tumbo limekatwa vipi na sukari inanifanya nini. Mama mkwe alisikiliza, akasema, "Basi mwanangu, wewe utapewa wa kwanza kwenye samaki, na hizo kaimati watoto watakushukuru." Toka hapo naletewa kisahani changu, na kinachobaki natiliwa kwenye hotipoti niende nacho. Ningeficha, ningekuwa natapika uani kila futari huku nikisemwa kwamba naringa.

Kichwa kikiniuma kwa kufunga, usiku nameza panadoli tu. Diklofenaki na ibuprofeni sizigusi, zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipoungana na utumbo, na kwenye duka la dawa huzitoa upesi sana. Naeleza kila mara, hata kwa kijana aliyenihudumia jana yake.

Zipo siku nafungua kabla ya Magharibi. Kizunguzungu nikisimama, mkojo wa rangi ya chai, au jasho baridi na kutetemeka: nikiona mojawapo nafungua saa ileile, simngoji mtu anishauri. Shawali nikiingia napima damu, wingi wake na akiba ya chuma, na daktari huangalia kama dozi ibaki ilivyo. Wenye kisukari au waliofanyiwa karibuni wamuulize daktari wao kabla ya Shaabani kwisha, wasichukue ratiba yangu. Na siku ninazodaiwa nazilipa Juni na Julai, jua likiwa limepoa na chupa moja ikinitosha usiku kucha.