Maboksi Matupu na Vitabu vya Maji

Mkuu wetu wa maktaba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni mwa chumba tulimokuwa tukibandika lebo, akasema Machi 22 ni Siku ya Maji Duniani, anataka meza ya maonyesho pale karibu na lango, na fedha hakuna. Akaenda zake. Wenzangu wenye miaka mingi kazini waliinamia lebo zao ghafla kama watu waliopewa mtihani, na kazi ikaniangukia mimi niliyekuwa mgeni.

Wala sikuchukia. Siku hizo nilikuwa na tabia ya kufunua majalada ya nyuma nikipanga rafu, nisome karatasi ya tarehe, ile inayogongwa mhuri kila mtu anapoazima. Kulikuwa na kitabu kimoja kinene cha samaki wa kilindini, picha zake za kukutoa macho: samaki wenye taa kichwani, wenye meno marefu kuliko taya. Karatasi yake ilikuwa nyeupe pe. Hakuna aliyewahi kukiazima. Kitabu hakikuwa na kosa lolote, ila kilisimama kimeonyesha mgongo tu, mgongo wenyewe wa kijivu, herufi zimefifia, kimebanwa na ndugu zake wa 597, namba ya rafu ya vitabu vya samaki. Jalada lenye yule samaki wa taa lilikuwa limelaliana na jalada la jirani, halionekani na mtu.

Chuoni tulikariri kanuni tano za Ranganathan, yule mwalimu wa hisabati wa India aliyegeuka mkutubi. Alizitoa mwaka 1931, na ya tatu inasema kila kitabu kina msomaji wake. Tuliikariri, tukafaulu, tukaisahau. Nikiwa nimeshika kile kitabu cha samaki nilianza kuiona kwa jicho lingine: kama msomaji yupo, basi kuna mtu analipwa mshahara ili amtafute, na mtu huyo ni mimi.

Kukusanya vitabu kulinichukua muda kuliko nilivyodhani, maana katika mpangilio wa Dewey, ule unaopa kila mada namba yake rafuni, maji yametapakaa jengo zima. Mvua na mito iko 551. Mabomba na usafishaji wa maji ni 628. Meli zinazotengenezwa ziko 623, zinazobeba mizigo ziko 387. Kuogelea ni 797, na riwaya za wavuvi ziko mbali kabisa, kwenye 800. Mpangilio ule umetumika tangu 1876 na siudharau. Bila huo tungekuwa na ghala, si maktaba. Lakini hakuna msomaji atakayezunguka kona zote hizo kwa kuwa tu amevutiwa na maji. Lazima mtu mwingine azunguke kwa niaba yake.

Mzee wa dawati la kuazimisha aliniona nikisukuma kitoroli.

"Mwanangu, hivyo unavipeleka wapi?"

"Mezani pale mbele, mzee."

"Kitabu kikishaondoka kwenye namba yake, kihesabu kimepotea. Mtu atakuja na namba mkononi, atafika rafuni, hakipo. Atamlaumu nani? Wewe?"

Alikuwa na hoja, tena nzito. Nikakata vipande vya manila, kila kimoja nikaandika jina la kitabu na maneno "Kiko meza ya mbele", nikavichomeka rafuni pale vitabu vilipotoka. Mzee alipita akavikagua kimoja kimoja. Kisha akarudi na mkasi wake, ule ambao hakuna kati yetu aliyeruhusiwa hata kuushika, akauweka mbele yangu bila kusema neno.

Tukaanza kutengeneza vishikizo vya kusimamishia vitabu. Malighafi yetu ilikuwa maboksi yaliyokuja na karatasi za kuchapia. Ukilikata boksi la namna ile utaona ndani ya kadibodi kuna mifereji midogo inayokwenda upande mmoja. Mifereji hiyo ikilala, kishikizo kinajikunja kitabu kikiwekwa tu. Ikisimama wima, kinabeba hata atlasi. Nilikata kipande chenye urefu wa kama theluthi mbili za kitabu, nikapiga mstari wa kukunjia kwa kalamu iliyokwisha wino, nikiisukuma kandokando ya rula ili kadibodi ibonyee bila kuchanika. Chini nikakunja ukingo wa kama sentimita tatu wa kuzuia kitabu kisiteleze, na nyuma nikagundisha mguu wa pembetatu. Mguu ukiwa mfupi kitabu kinalala chali, mwanga wa taa unakipiga usoni na hakisomeki. Ukiwa mrefu kinaanguka kifudifudi. Ukiwa wa kadiri, kitabu kinaegemea nyuma kidogo tu, kinamtazama mtu usoni. Vitabu vyembamba tulivipa hanga za waya tulizozikunja ncha, ncha zenyewe tumezizungushia selotepu zisikwaruze majalada.

Kuna aliyeshauri tuweke meza dirishani ili wapita njia waone. Nilikataa. Jua la dirishani hula rangi za majalada, nyekundu na njano zikitangulia kufa, na baada ya muda unabaki na majalada ya bluu yaliyopauka. Tuliiweka pembeni mwa lango, mahali mtu anapopunguza mwendo kufunga mwavuli au kutafuta kitambulisho chake. Maboksi mengine tuliyapindua chini juu, tukayafunika karatasi za rangi, yakawa ngazi. Vitabu vya watoto vikakaa chini, macho yao yanapofika. Kuhusu bango, mwenzangu mmoja alikwisha kuchora "Maadhimisho ya Siku ya Maji Duniani" kwa herufi za mapambo. Lilikuwa zuri, na lilikuwa halimwambii mtu chochote. Tuliandika: "Bombani yamefikaje?"

Asubuhi ya maonyesho watu walisimama, wakatazama, wakaondoka mikono mitupu. Hilo lilinichanganya mpaka mama mmoja aliponinong'oneza, "Samahani, hivi vya hapa vinaazimwa, au ni vya kutazama?" Kumbe meza ilikuwa nadhifu mno. Kila kitu kilikaa mahali pake, nani angethubutu kuivuruga? Nikampa alichotaka, pengo nikaliacha kama lilivyo, kisha nikang'oa kitabu kingine, mapengo yawe mawili. Tangu hapo mikono ikaanza kunyooshwa.

Jioni mkuu alikuja, akaona vishikizo vitupu vimesimama ovyo.

"Mbona meza imeharibika?"

"Haijaharibika, bosi," mzee akajibu kutoka dawatini kabla sijafungua mdomo, akiinua rundo la kadi za kuazimia. "Imefanya kazi."

Mkuu akahesabu kadi, akaguna, akauliza kama vimebaki vya kujazia. Vilikuwepo, nilikuwa nimeficha shehena nyingine ya maji chini ya kitambaa cha meza, kwa sababu meza ya namna hiyo isipojazwa kila mara, kesho yake inaonekana mabaki ya sherehe.

Yule samaki wa taa aliondoka na kijana mwenye ovaroli ambaye kwa kawaida alikuja kusoma magazeti tu. Aliporudisha kitabu, kona ya ukurasa mmoja ilikuwa imekunjwa, na mzee alimkemea vilivyo. Kijana aliomba radhi, halafu akauliza kama kuna kingine cha vilindini. Mzee akampeleka mwenyewe hadi 551, bado ananung'unika kuhusu ile kona.