Hesabu ya jua: jinsi wasichana wangu walivyoshinda mechi ya tano

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nilikabidhiwa timu ya tenisi ya wasichana wa sekondari kwa sababu moja tu: aliyekuwa akiifundisha alihama, na siku ya kikao cha kugawana majukumu mimi nilichelewa kufika. Sevu yangu mwenyewe, yaani pigo la kuanzisha pointi, huvuka wavu mara moja katika kila majaribio matatu, na wasichana wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyoijua kanuni ya Pythagoras. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba ninajisifu kwa ufundi wa raketi. Ninajisifu kwa jambo jingine kabisa, nalo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu tangu siku ile nimeshakutana na watu wengi wanaosema kuwa tulibahatika.

Katika mashindano yetu shule mbili hukutana kwa mechi tano, tatu za mchezaji mmoja mmoja na mbili za wawili wawili, na inayofikisha ushindi wa mechi tatu ndiyo inayosonga mbele. Nne za kwanza sitazisimulia. Tulishinda mbili, tukapoteza mbili, moja kati ya hizo kwa aibu, na ilipofika alasiri watu wote walikuwa wamehamia kwenye uzio wa uwanja mmoja, ambako jozi yetu ya mwisho ilikuwa bado inahangaika katika seti ya kwanza, yaani fungu la kwanza la gemu. Jozi hiyo ilikuwa ya nahodha, msichana mrefu mwenye sevu kali kuliko wenzake wote, na rafiki yake ambaye sote humwita Mashoto kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepewa ushauri wa kutosha kujaza daftari. Mmoja alinishauri nimpange mchezaji wangu dhaifu kabisa kuwa namba moja, atolewe kafara mbele ya mchezaji wao bora, ili waliobaki wapate nafuu. Kanuni zetu zinataka wachezaji wapangwe kwa uwezo wao, na hata kama zisingetaka hivyo, sijui kesho yake ningemtazamaje binti huyo darasani. Ushauri huo niliukataa papo hapo. Bahati mbaya ni kwamba nilikubali mwingine miwili, na yote miwili nusura ituzike.

Wa kwanza ulitoka kwa mwalimu mwenzangu ambaye hutazama tenisi usiku kucha. Alinieleza kuhusu mpango ambao mchezaji wa wavuni huchuchumaa katikati kabisa, karibu na wavu, wakati mwenzake anapiga sevu juu ya kichwa chake. Kisha huchomoka kwenda kulia au kushoto, na mpinzani asijue aurudishe mpira upande upi. Kwenye karatasi mpango huu unapendeza mno. Tuliufanyia mazoezi mara mbili, nami nikaona inatosha. Katika gemu ya sita ya seti ya kwanza, tukiwa nyuma, niliwapa ishara wautumie. Mashoto akachuchumaa, nahodha akarusha mpira juu, akafumba jicho moja, akapiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukamkuta Mashoto katikati ya mgongo kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye uzio. Mpira wa sevu ukimgusa mwenzako huhesabiwa kuwa kosa, kwa hiyo hatukupata hata faraja ya kurudia. Sevu ya pili nahodha aliipiga polepole kwa huruma, ikaishia wavuni. Wapinzani walijitahidi kutocheka, jitihada ambayo niliithamini. Mashoto hakujitahidi, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanitazama kwa namna ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kumtazama mwalimu.

Hata hivyo, katika kituko kile niliona jambo: nahodha alifumba jicho. Kwa kawaida viwanja vya tenisi huchorwa kutoka kaskazini kwenda kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji usoni. Waliouchora uwanja ule hawakulijali hilo. Ulilala mashariki na magharibi, na alasiri ile aliyesimama upande wa mashariki alikuwa akitazama jua moja kwa moja kila aliporusha mpira. Nilikuwa nimewanunulia kofia zenye ukingo mpana, kwa fedha ambayo haikufika hata robo ya bei ya raketi nzuri, nikajiona mwerevu. Kofia haisaidii kitu wakati wa sevu. Ukiinua uso kuutafuta mpira, ukingo nao unainuka pamoja na uso.

Nilikuwa nikiandika matokeo ya kila gemu nyuma ya karatasi ya mtihani ambao sikuwa nimeusahihisha. Baada ya gemu ya nane, kwa kukosa la kufanya, nilianza kuweka herufi pembeni ya kila sevu yetu: J kwa aliyetazama jua, K kwa aliyelipa mgongo. Nahodha alikuwa amepiga sevu katika gemu ya pili na ya sita: J, J. Mashoto alikuwa amepiga katika ya nne na ya nane: K, K. Nilidhani nimekosea. Nikahesabu tena kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na jibu likawa lile lile. Kisha nikaona aibu, kwa maana hesabu yenyewe ni ya kitoto: katika mchezo wa wawili wawili kila mchezaji hupiga sevu za gemu moja nzima katika kila gemu nne, na kwa kuwa pande hubadilishwa baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kila baada ya gemu nne timu huwa imerudi pale pale ilipokuwa. Mizunguko miwili ya nne nne. Maana yake ni kwamba katika seti nzima kila mchezaji hupiga sevu zake zote akiwa upande mmoja tu wa uwanja, na aliyeanza na jua atakaa nalo mpaka seti iishe.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye ushauri wa pili, ambao hadi leo unanikera kwa sababu kila mtu huusema kana kwamba ni amri: mwenye sevu kali ndiye aanze. Nahodha alikuwa na sevu kali, kwa hiyo nahodha akaanza, na kwa hiyo nahodha akachomwa macho gemu zote mbili na kuzipoteza zote mbili. Mashoto, mwenye sevu ya kawaida tu, alishinda zake zote mbili kivulini. Kwa wapinzani, aliyeangukia upande wa jua alikuwa msichana mfupi anayerusha mpira chini, karibu na paji la uso, na jua halikumsumbua sana. Ukijumlisha na gemu moja tuliyomnyang'anya huyo mfupi, unapata 6–3, na seti ikawa imekwenda.

Kati ya seti na seti tunapewa sekunde 120, nami nilitumia kama 100 kuwaeleza wasichana kuhusu mizunguko ya nne nne huku nikiwaonyesha karatasi. Walinitazama kama wanavyonitazama darasani. Mwishowe nikafupisha: seti mpya, tunaanza sisi, tunaanzia upande wa jua, na anayeanza ni Mashoto. Mtu wa mkono wa kushoto huurushia mpira upande wa pili wa kichwa, na jua lilikuwa limekaa juu kidogo kuelekea kulia, kwa hiyo yeye halikumsumbua. (Kabla ya mechi, katika zile dakika za kupasha misuli, mpeleke kila mchezaji kwenye kila upande arushe mpira mara tano bila kuupiga. Mimi sikufanya hivyo.)

Mashoto aliposimama kupiga sevu, wapinzani waliinua mkono kupinga. Kocha wao naye akaja, akisema kwamba mpangilio hauwezi kubadilishwa katikati ya mechi. Hauwezi kubadilishwa katikati ya seti. Seti mpya ikianza, jozi ina uhuru wa kuchagua upya nani aanze kupiga sevu, na hata nani apokee upande gani. Kijitabu cha kanuni nilikuwa nacho mfukoni, na nakiri kwamba nilikifungua taratibu kuliko ilivyohitajika.

Seti ya pili ilikwenda kama nilivyoiandika. Mashoto alishinda sevu zake katika gemu ya kwanza, ya tano na ya tisa, jua likiwa limemkalia begani. Nahodha, akiwa amelipa jua mgongo, alishinda ya tatu, ya saba na ya kumi na moja, na baadhi ya sevu zake mpokeaji hakuzigusa kabisa. Wapinzani nao hawakukubali kuvunjwa, yaani kupoteza gemu wanayopiga sevu wao, mpaka tulipofika 6–5. Katika gemu ya kumi na mbili walikosea sevu mbili mfululizo wakati alama zikiwa 40–40, wakapiga mpira mmoja nje, na tukaichukua seti 7–5.

Katika mashindano yetu seti ya tatu haichezwi. Badala yake huchezwa taibreki ya kufikisha pointi 10, kwa tofauti ya mbili. Hapo mfumo wangu mzuri ulivunjika, kwa sababu katika taibreki anayeanza hupiga sevu moja, kisha kila mmoja hupiga mbili mbili, na pande hubadilishwa kila baada ya pointi sita. Mzunguko wa sevu ni wa nane, wa pande ni wa kumi na mbili, na haviendi pamoja. Niliinama kwenye karatasi ile kama mtu aliyebakiwa na swali moja na msimamizi ameshasema kalamu chini. Nahodha akianza, atakutana na jua katika pointi ya kwanza tu, kisha atapiga ya nane na ya tisa kivulini. Mashoto akianza, nahodha atakutana na jua katika ya nne, ya tano na ya kumi na tatu. Basi aanze nahodha. Wasichana walishangaa kwamba sasa nimegeuka tena, lakini hawakuwa na muda wa kubishana. Kilichonipa wasiwasi, na ambacho sikuwaambia, ni kwamba hesabu hiyo ilikuwa safi hadi pointi ya 15 tu. Ya 16 na ya 17 zingekuwa za nahodha, akitazama jua, na jua lenyewe lilikuwa linazidi kushuka.

Baada ya pointi sita tulikuwa 3–3. Baada ya kumi na mbili tulikuwa 7–5. Mashoto akaongeza moja, 8–5, wao wakapata moja, 8–6. Kisha ukaja mpira uliodondoka nyuma ya Mashoto, karibu na mstari. Hatuna mwamuzi, kila upande huamua mipira inayodondoka kwake, na mpira wenye shaka ni wa mpinzani. Kutoka nilipokuwa niliuona umetoka, au niliomba uwe umetoka. Mashoto aliinama, akatazama alama kwenye sakafu, akasema umeingia. 8–7. Wa kumlaumu hakuwepo, lakini tumbo langu lilimlaumu.

Ikafika pointi ya 16. Nahodha alirusha mpira, akaupoteza kwenye mwanga, akapiga hewa na ukingo wa raketi. Sevu ya pili ikagonga wavu. 8–8. Katika taibreki hakuna kupumzika hata pande zinapobadilishwa, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kusema neno, na hata ningekuwa nayo, karatasi yangu ilikuwa imekwisha.

Siku moja ya mvua, mazoezi yalipoahirishwa, niliwahi kuwasimulia habari za Michael Chang, ambaye mwaka 1989 katika mashindano ya wazi ya Ufaransa, akiwa na miaka 17 na miguu imemkaza, alimpigia Ivan Lendl, aliyekuwa namba moja duniani, sevu ya chini kwa chini na hatimaye akaishinda mechi. Niliisimulia ili kupoteza wakati tu, na nilikuwa nimeshaisahau. Nahodha hakuwa ameisahau. Pointi ya 17 alisimama kama kawaida, akaudundisha mpira mara nne, akainua macho kidogo kana kwamba anaurusha juu, kisha akauachia usawa wa kiuno na kuukata kwa chini. Mpira ulivuka wavu kwa uvivu, ukadunda chini chini na kukunja pembeni. Mpokeaji alikuwa amesimama mita kadhaa nyuma ya mstari akisubiri bomu. Alikimbia, na kwa kweli aliufikia, lakini aliweza tu kuuinua, na Mashoto alikuwa hapo wavuni akiungoja. 9–8. Pointi iliyofuata walipiga sevu ya pembeni upande wa kushoto, ikamfuata Mashoto kwenye mkono wake mzuri, naye akaurudisha kando ya mstari, ubavuni mwa mchezaji wa wavuni. 10–8, mechi tatu kwa mbili.

Kocha wa wapinzani alikuja kunipa mkono. Aliitaka karatasi aitazame, nikampa, akaisoma kwa muda mrefu huku akitikisa kichwa. Kisha akaniuliza ile sevu ya chini tuliifanyia mazoezi kwa muda gani. Nilimjibu, kwa uso mkavu kabisa, kwamba ni kazi ya muhula mzima. Mashoto alikuwa nyuma yangu akifungasha raketi, na nilisikia kicheko kile kile cha gemu ya sita.