Kutu kwenye tangi la stenlesi: jinsi nilivyoimaliza

Tangi letu la kulowekea samaki aina ya migebuka katika maji ya chumvi, hapa Kigoma, lilikuwa likitoa madoa ya kutu na vitundu kando ya weldi (maungio ya kuchomelea). Tulipaka rangi, ikabanduka. Kuziba vitundu kulihamisha tatizo tu. Tukaunda jipya la stenlesi aina ya 316L, lenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, metali inayosaidia kuzuia kutu ya chumvi, ambayo stenlesi ya kawaida ya 304 haina. Madoa yakarudi palepale!

Kumbe chanzo ni brashi ya waya ya chuma cha kawaida tuliyosugulia tangi, ileile ya kusugulia mageti: huacha chembe juu ya stenlesi, nazo hushika kutu kwanza. Tulipiga msasa mpya hadi rangi iliyoachwa na moto wa kuchomelea ikaisha, tukasugua kwa brashi ya stenlesi, tukapaka asidi ya sitriki vuguvugu, tukasuuza. Brashi hiyo ya stenlesi tumeifunga kamba nyekundu, haigusi chuma kingine.